Kikombe cha Kwanza Hunywa Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe siisemi iko wapi. Nikisema, kuna watu watanuna, na mimi sipendi kununiwa. Jueni tu kwamba inaitwa Jamhuri ya Tulipo, ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba, na ina maji tele. Maji yako kwenye hotuba, yako kwenye mabango ya barabarani, yako kwenye kalenda zinazogawiwa kila Januari zenye picha ya mtoto anayecheka chini ya bomba. Mahali pekee ambapo bado hayajafika ni ndani ya mabomba yenyewe, na hilo, tumeambiwa, linafanyiwa kazi.

Anayelifanyia kazi ni Mamlaka Kuu ya Majisafi, Majitaka na Maji Mengineyo. Hayo maji mengineyo hakuna anayeyajua, lakini yana mkurugenzi wake na gari lake.

Sasa, watu wa Tulipo wana desturi moja ambayo hawaichezei. Maji hayafunguliwi hivi hivi kama mbuzi. Sharti yazinduliwe. Bomba linafungwa utepe, anakuja mgeni rasmi, anakata utepe, anakabidhiwa kikombe, na kikombe hicho cha kwanza anakinywa chote mbele ya wananchi huku ngoma zikilia. Kabla hajanywa yeye, tone lisidondoke. Litakuwa tone lisilo na itifaki, na aliyelidondosha atajieleza kwa barua.

Ndiyo maana Mama Tunu wa Mtaa wa Mikungu alikuwa na bomba zuri la shaba ukutani mbele ya nyumba yake, na bomba hilo lilikuwa limefungwa utepe kwa miaka kumi na moja. Mabomba yalikuwa yamefukiwa, tangi limejaa, kila kitu tayari. Mgeni rasmi akapewa ubalozi siku mbili kabla ya uzinduzi, akapanda ndege na mkasi wake. Utepe ulikuwa mwekundu, ukawa wa waridi, siku hizi ulikuwa na rangi ya uji. Mama Tunu, mjane, mpika vitumbua hodari na mwenye mdomo usioomba ruhusa, alinunua maji ya madumu kwa msukuma mkokoteni na kuyapitisha mbele ya bomba lake mwenyewe kila asubuhi.

Mwisho wa mtaa, kwenye kibanda cha mabati, alikaa Mzee Kapungu, mlinzi wa valvu, lile gurudumu la chuma la kufungulia maji ya mtaa mzima. Alikuwa mwajiriwa halali, ana kofia. Kazi yake ilikuwa kungoja amri ya kufungua. Kila siku alilipaka gurudumu mafuta, akalifuta kwa kitambaa, akakaa.

"Shikamoo, Mzee Kapungu. Vipi leo?" Mama Tunu humwuliza akipita.

"Marahaba, Mama Tunu. Leo bado."

Kwa miaka kumi na moja hawakuwahi kubadilisha hata neno moja.

*

Basi ikaja wiki ya harusi ya Tunu, binti yake wa pekee. Ndoa ilipangwa Jumamosi alasiri, nyumbani hapo hapo. Upande wa bwana harusi ulikuwa unatoka mbali, safari ya siku nne kwa lori, na mbele yao wote alikuwa shangazi mtu, Bi. Ngwashi. Huyu mama ana pua. Inasemekana aliwahi kuvunja posa kwa sababu ya zulia lililonyeshewa. Mama Tunu alikuwa amefagia, amepaka nyumba chokaa, amechoma ubani mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Jumatatu asubuhi chemba ya majitaka iliyo hatua tano kutoka mlangoni kwake ikarusha mfuniko wake.

Haikuvuja, jamani. Ilifoka. Ilifoka mpaka usawa wa kiuno cha mtu mzima, ikabubujika, ikajitandaza barazani pale pale ambapo bibi harusi angekaa. Mama Tunu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Wiki hii? Kati ya wiki zote?"

Akapiga simu Mamlaka. Idara ya Majitaka ilikuwa na simu yake, mpya kabisa, lakini bado haijazinduliwa, kwa hiyo simu zote zilipokelewa na Idara ya Majisafi.

"Mamlaka Kuu, maji ni uhai, nikusaidie nini?" ikaitikia sauti laini ya kike.

"Mwanangu, njooni mbio Mtaa wa Mikungu! Chemba ya mbele ya nyumba yangu inafoka! Inatoka tangu alfajiri, haikomi!"

"Inatoka?" binti akauliza, sauti imeanza kutetemeka.

"Inatoka!"

"Mtaa wa Mikungu? Wetu huu wa hapa mjini?"

"Una Mikungu mingapi wewe?"

"Mama, tafadhali usikate simu." Mama Tunu akasikia kiti kikianguka, miguu ikikimbia, na halafu, wallahi, akasikia vigelegele.

Msiwaone wehu. Ilikuwa Wiki ya Maji ya Taifa, kilele chake Jumamosi saa nne asubuhi, na Waziri wa Maji, Mheshimiwa Profesa Makeke, alikuwa ameahidiwa kitu kinachotoka ili akizindue. Wahandisi walikuwa wameuzunguka mji mzima mwezi mzima wakibisha hodi kwenye mabomba, na hakuna hata moja lililoitika. Na sasa mwananchi wa kawaida, bila hata kushurutishwa, anapiga simu kusema kwake kinatoka na hakikomi.

*

Baada ya dakika ishirini magari manne yakaingia mtaani. Akashuka Mhandisi Pachoto, kijana mnene mwenye kofia ngumu ya plastiki, leso puani na Fomu Namba Tisa mkononi.

"Je, kinatoka?" akasoma, akatazama chemba, akajijibu mwenyewe, "Ndiyo. Je, kinatoka kwa kasi? Ndiyo, tena sana. Je, wananchi wamejitokeza? Ndiyo." Wananchi kweli walikuwa wamejitokeza, wote wameziba pua.

"Mhandisi," akasema Mama Tunu, "haya ni majitaka."

"Mama, tusitangulize matokeo. Rangi?"

"Rangi huioni?"

Pachoto akaandika: *Rangi: dhahabu iliyokolea.*

"Na harufu je? Andika harufu!"

"Mama yangu," akasema Pachoto kwa upole wote, leso imeganda puani, "kwa mujibu wa kanuni, pua si kifaa kilichoidhinishwa. Mamlaka ina kipima harufu cha kisasa kutoka ng'ambo. Kiko makao makuu, kwenye boksi lake, kinasubiri mgeni rasmi."

"Na hiyo leso ni ya nini?"

"Mafua."

Kufika saa tisa alasiri chemba ilikuwa imezungushiwa uzio, imepandikiziwa bomba jipya linalong'aa, na juu yake limetundikwa bango: MIKUNGU YAFURIKA NEEMA. Chini yake likawekwa bango dogo: MRADI WA TAIFA. NI MARUFUKU KUZIBA, KUZIBUA AU KUPUNGUZA. Akaletwa pia askari wa kuilinda, maskini, ambaye hakuwa amekosa chochote.

Siku ya pili Mama Tunu akajitanda khanga akaenda mwenyewe Idara ya Majitaka. Iko jengo moja na Majisafi, wanatazamana mlango kwa mlango, lakini hawajasalimiana tangu wagombanie ukumbi wa sherehe. Afisa akafungua daftari kubwa.

"Chemba namba sabini na saba? Hiyo kwetu imefutwa jana, mama. Imepandishwa cheo. Sasa hivi ni chanzo."

"Chanzo cha nini?"

"Cha maji."

"Baba, mimi nimeyaona kwa macho yangu! Kuna vitu vinaelea!"

"Sikatai," akasema afisa, akashusha sauti. "Yalikuwa majitaka. Lakini yakishaingia kwenye ratiba ya Waziri hayawi majitaka tena. Hapo mimi mikono yangu imefungwa. Tena hongera sana, mtaa wenu umetutoa kimasomaso."

Mama Tunu akarudi nyumbani akaketi kwenye kinu akalia. Hakulia kwa madaha, alilia kwa kwikwi, kamasi na kila kitu. Alikuwa amemlea Tunu peke yake kwa moshi wa vitumbua, na siku moja tu ndiyo aliyokuwa ameiomba.

"Mama, tuahirishe," akasema Tunu, hina ya majaribio imeshamkauka kidole kimoja.

"Tuahirishe vipi? Wakwe wako njiani tangu leo asubuhi. Nimwambie nini Bi. Ngwashi, asimamishe pua?"

Alhamisi Pachoto akaja na barua ya muhuri. Mama Tunu ameteuliwa kuwa Mnufaika Namba Moja. Siku ya kilele atavaa khanga ya Mamlaka, atasema "Asante sana Serikali," asiongeze neno, kisha atamkabidhi Mheshimiwa kikombe cha kwanza.

"Atakunywa? Yale?" Mama Tunu akauliza.

Pachoto akacheka, akasahau kuwa yuko kazini. "Ah, mama, na wewe! Kikombe tunakuja nacho kimeshajaa. Maji ya chupa."

Mama Tunu akaikunja barua akaipachika kiunoni. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akatabasamu.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nitakuja."

*

Jumamosi saa nne Mtaa wa Mikungu haukutosha. Maturubai, viti vya plastiki, bendi ya polisi, kwaya ya Mamlaka yenye wimbo wa beti kumi na mbili. Pembeni kulikuwa na maonyesho ya vifaa, na katikati yake limeegeshwa gari la kunyonya majitaka, limeoshwa, limepambwa maua ya karatasi, na dereva wake amevaa tai. Waziri alifika saa sita, ambayo kwa Tulipo ni mapema.

Mheshimiwa Makeke alishuka garini akipunga mkono, akavuta pumzi ndefu ya kizalendo, akasimama ghafla.

"Hii ni nini?" akanong'ona.

"Madini, Mheshimiwa," akanong'ona Pachoto. "Udongo wa hapa una madini mengi."

Na ndipo lori la wakwe likaingia. Watu wa itifaki wakadhani ni wajumbe kutoka mikoani, wakawashusha kwa heshima zote wakawakalisha mstari wa pili. Bi. Ngwashi alikaa, akainua uso, mapua yakamtanuka mara moja, mara mbili. Mama Tunu alimwona kutoka jukwaani na moyo ukamdondoka mpaka kwenye ndara. Ilikuwa imebaki saa tatu ndoa ifungwe.

"Itifaki imezingatiwa!" akaanza Waziri. Alizungumza kuhusu mkakati, mchakato na upembuzi yakinifu. Alisema kuna nchi za wenzetu zinachimba visima, sisi maji yanatutafuta wenyewe majumbani. Makofi. Akakata utepe. Makofi zaidi. Pachoto akamsogezea Mama Tunu kikombe kilichojaa maji meupe pe, yametulia.

Mama Tunu akakipokea kwa mikono miwili. Akakitazama. Akayamwaga chini.

"Mheshimiwa!" akasema, na mdomo ule usioomba ruhusa ukapata kipaza sauti. "Haya ni maji ya dukani! Mgeni aje kwangu, anyweshwe maji ya dukani na kwangu panafurika? Nitaificha wapi sura yangu? Hapana! Mgeni wangu atakunywa kinachotoka kwangu, tena kwa kikombe changu!"

Akachomoa kiunoni, ndani ya khanga, kikombe chake cha bati chenye ukingo wa buluu. Akafungua lile bomba linalong'aa. Likafanya *bruuu*, likajaza kikombe mpaka juu, na kitu kidogo kikaelea kikizunguka taratibu.

"Karibu, mwanangu Mheshimiwa. Kikombe cha kwanza hunywa mgeni rasmi."

Jamani, desturi ni desturi. Mtaa mzima ukaipokea. "Anywe! Anywe! Anywe!" Wapiga ngoma wakashika mdundo. Bi. Ngwashi, ambaye hakujua lolote ila alijua kilichomo kikombeni kwa hatua thelathini, akasimama juu ya kiti akapiga kelele kuliko wote: "Anyweee!"

Waziri akapokea kikombe. Alikuwa mtu aliyekula vingi katika utumishi wake, lakini hiki kilimshinda. Akakisogeza karibu na mdomo, akakishusha.

"Kabla sijanywa," akasema, "ningependa kusema maneno machache."

Akasema maneno dakika arobaini. Alianzia historia ya maji duniani. Akasimulia utoto wake, akamsimulia mama yake, akakariri majina ya mito. Kila akimeza mate alimgeukia Mkurugenzi Mkuu na kunong'ona bila kuondoa tabasamu, "Leta maji ya kweli. Kutoka popote. Sasa hivi, au kesho wewe ni mwalimu wa chekechea." Mkurugenzi akamnong'oneza naibu, naibu akamnong'oneza meneja, meneja akamnong'oneza Pachoto, na Pachoto akatimua mbio na kofia yake ngumu hadi mwisho wa mtaa.

"Fungua!" akamwambia Mzee Kapungu.

"Amri iko wapi?" akauliza Mzee Kapungu.

"Mimi ndiyo amri! Fungua, mzee wangu, tunakufa!"

"Kijana, nimengoja miaka kumi na moja. Sitaanza leo kufanya kazi kienyeji. Iwe ya maandishi."

Pachoto akaiandika nyuma ya ratiba ya sherehe, goti likiwa meza, akaweka sahihi, akapiga muhuri kwa kidole gumba na matope. Mzee Kapungu akaisoma mara mbili. Akavaa kofia yake vizuri. Akashika gurudumu na kulizungusha. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Likafika mwisho, halikumbishia hata kidogo.

Kule jukwaani Waziri alikuwa amefika kwenye bahari za kaskazini na sauti imekauka. Ghafla ukutani mwa nyumba ya Mama Tunu kitu kikakohoa. Bomba la shaba likatikisika, likatema kutu, likatema mende wawili wa enzi za mgeni rasmi aliyepita, na ule utepe wa rangi ya uji ukaruka hewani. Kisha yakatoka maji. Maji yenyewe, baridi, meupe, yanayochekesha.

"Hicho!" akalia Waziri. "Hicho ndicho chanzo nilichokuwa nakisema!" Akakiweka kile kikombe cha bati mezani kwa uangalifu wote, akaruka kutoka jukwaani na suti yake, akapiga magoti akanywa kwa viganja kama mara tisa. Akiwa amelowa mpaka tai, akanyoosha kidole kwenye chemba. "Na hiyo nyingine, iondoeni mbele ya macho yangu."

Dereva wa maonyesho akavua maua ya karatasi. Baada ya robo saa chemba ilikuwa kavu na mfuniko umerudi mahali pake.

Watu walicheza, waliogeshana, watoto walivua mashati na wazee wakawafuata. Mama Tunu peke yake alisimama, maji yakimpita miguuni. Akaenda mpaka kibandani.

"Gurudumu lilizunguka mara ngapi, Mzee Kapungu?"

"Mara tatu, Mama Tunu." Mzee mwenyewe alionekana ameaibika. "Mimi nilidhani zingekuwa nne."

Mama Tunu alitaka kucheka, alitaka kumrukia mtu amtafune. Miaka kumi na moja ya madumu kwa mizunguko mitatu! Lakini saa tisa ilikuwa inakaribia na baraza linataka kuoshwa, basi akajifunga khanga akakimbia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaosha baraza bila kuhesabu ndoo.

*

Ndoa ilifungwa. Bi. Ngwashi alikula sahani tatu za pilau, akatangaza kwamba hajawahi kuingia nyumba safi kama ile na kwamba mama wa bibi harusi ndiye mtu anayemtaka katika ukoo. Gazeti la serikali likaandika kwamba Waziri amegundua chanzo cha maji kwa macho yake. Amri ya kufunga valvu ilitolewa Jumatatu, maana uzinduzi ulikuwa umekwisha na hapakuwa na sababu ya maji kuendelea, ila ilitolewa kwa mdomo, na Mzee Kapungu anangoja ya maandishi hadi leo. Kila asubuhi analipaka gurudumu mafuta.

"Shikamoo, Mzee Kapungu. Vipi leo?"

"Marahaba, Mama Tunu. Leo bado."

Siku Tunu anaondoka na mumewe, lori limeshawashwa na Bi. Ngwashi amekaa mbele, Mama Tunu akamvuta kando.

"Huko kwenu kupya, bomba lipo?"

"Lipo, mama. Ila lina utepe."

Mama Tunu akaingia ndani, akatoka na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa mafundo matatu ndani ya khanga mpya. Tunu akafungua pembe moja, akaona ukingo wa buluu, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Mama! Bado kinanuka! Nitakiosha nikifika."

"Thubutu," akasema Mama Tunu, akamfungia tena lile fundo vizuri. "Usikioshe."